Mnaangalia shingo, angalieni na kifua



Tangu siku ya wazazi, maneno katika shule yetu ni moja tu: malakiti. Habari yenyewe mnaijua. Kikundi chetu cha kazi za mikono, watu wanane, wavulana watano na wasichana watatu, tuliweka mezani mapambo tuliyofanyiza sisi wenyewe: mikufu, bangili, herini. Tulikuwa tumechagua kichwa kimoja tu, «Maji». Kulikuwa matone, kulikuwa mawimbi, samaki mdogo mmoja, na zile duara zinazotokea ukitupa kijiwe katika maji yaliyotulia. Wamama walizunguka meza yetu mpaka chakula kikapoa. Jioni meza ilikuwa tupu.

Kesho yake mabishano yakaanza. Wa kwanza walisema ya kwamba shule ya Kikristo haipashwi kufundisha watoto kupenda mapambo, na wakatuonyesha Waraka wa kwanza wa Petro, mlango wa 3. Wa pili wakajibu: «Muache batoto, ile ni franga ya masomo.» Wa tatu hawakuwa na hoja hata moja, walicheka tu: «Angalia banaume, beko banatunga bushanga sawa banamuke!»

Nimesikiliza pande zote tatu kwa subira. Wote wanazungumza juu ya shingo ya mwenye kuvaa, au juu ya mfuko wa mwenye kuuza, au juu ya vidole vya mwenye kutunga. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya kifua cha mwenye kukata jiwe. Mimi ni mmoja wa wale waliokata. Basi niruhusiwe kusema.

Kwanza nijibu swali ambalo Mama mmoja alituuliza siku ile: «Munasema maji, lakini mimi naona mawe. Maji iko wapi?» Mama, maji iko ndani.

Sisi wa Likasi tunaona malakiti toka utoto, na kwa hiyo hatuiangalii tena. Lakini fikirini namna inavyozaliwa. Chini sana katika udongo wa Katanga, shaba imefungwa pamoja na kiberiti katika mwamba. Mvua inanyesha. Maji yanachukua hewa, yanashuka polepole kupitia nyufa, yanayeyusha shaba kidogo kidogo na kuibeba. Yakikuta mawe ya dolomiti, ambayo ni mengi huku kwetu, yanaacha shaba yao pale, tabaka nyembamba ya kijani. Kisha maji mengine yanakuja na kuacha tabaka nyingine juu yake, mara rangi ya majani mabichi, mara rangi nzito karibu na weusi. Hivi ndivyo malakiti ya Kolwezi ilivyofanyika, na ya Kambove, na ile ya mgodi wa Etoile karibu na Lubumbashi. Ukikata jiwe lake kwa upande, unakuta duara ndani ya duara, sawasawa na ziwa lililotupiwa kijiwe. Sisi hatukuchora mawimbi yale. Tuliyakuta yametangulia.

Tena mwalimu wetu wa shimi alituonyesha jambo lingine. Alitia unga wa malakiti katika bomba la kioo, akalipasha moto. Unga wa kijani ukawa mweusi kama makaa, na karibu na mdomo wa bomba, mahali penye baridi, tukaona matone madogo. Mdogo mmoja aliyekuwa akichungulia dirishani aliniuliza: «Yaya, ile mayi imetokea wapi?» Imetoka katika jiwe. Andikeni: Cu₂CO₃(OH)₂. Ukipasha moto, unapata oksidi ya shaba iliyo nyeusi, gazi ya kaboniki, na maji. Fanyeni hesabu wenyewe: katika gramu 100 za malakiti safi kuna gramu 57 za shaba, na moto unatoa gramu 8 za maji. Kwa hiyo kichwa chetu «Maji» hakikuwa maneno ya kupendeza wazazi tu. Ilikuwa kweli ya jiwe lenyewe.

Wale wanaosema ya kwamba mapambo ni desturi ya kigeni, iliyoletwa na filimu, nao wasikie. Pale Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu walichimba makaburi ya zamani katika miaka ya 1957 na 1958. Kuna ya miaka zaidi ya elfu moja. Walikuta watu wamezikwa na bangili za shaba, minyororo ya shaba, shanga. Katika makaburi ya bonde lile walikuta hata simbi za Bahari ya Hindi. Fikirini, toka bahari mpaka Kisale ni zaidi ya kilomita 1000, na simbi ilitembea njia ile yote juu ya mtu fulani kuivaa. Wazee wetu walivaa maji mbele ya sisi.

Na malakiti waliijua vizuri. Missionari Arnot, aliyefika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwaka 1886, aliandika namna watu wa nchi hii walivyoichimba juu ya vilima visivyo na miti: mashimo madogo ya mviringo, ya futi 15 au 20 tu. Shimo likizidi kuwa refu, waliliacha na kufungua lingine. Waliyeyusha shaba, na Wayeke walivuta nyuzi zake nyembamba wakafanyiza bangili. Kazi hii iko yetu.

Lakini sitaki kusifu wakati wa zamani kupita kiasi, kwa maana kuna habari nyingine, na hii ndiyo iliyonifanya niandike. Mwaka 1854 Livingstone alipita kwa Shinte, chifu wa Balonda. Shinte alitoa ndani ya nguo zake koa moja la baharini, lile lenye umbo la pia, akampa mgeni wake kama zawadi kubwa. Livingstone akaeleza bei yake: makoa mawili ya namna ile yaliweza kununua mtumwa mmoja. Matano yalikuwa bei nzuri ya pembe moja ya tembo.

Someni tena. Makoa mawili, mtu mmoja.

Koa lile halikuwa na kosa. Lilikuwa zuri, lilitoka katika maji, lilikuwa heshima ya chifu. Lakini kuna mtu aliyelilipa kwa mwili wake. Nilipojifunza habari ile, sikuweza tena kubishana juu ya mapambo kama wanavyobishana wengine. Kwangu mimi swali si moja tu, kama ni dhambi kuvaa ao si dhambi. Swali ni: nani amelipa, na amelipa kwa nini? Kwa franga, ao kwa mwili wake?

Sasa niungame mambo yetu wenyewe.

Wiki ya kwanza tulifanya kazi vibaya. Ilikuwa kiangazi, robine ya kiwanja ilikuwa kavu siku ya tatu, na siku ya wazazi ilikuwa inakaribia. Tulikuwa tumeazima mashini ndogo ya kusugulia. Tukasema: «Tukate bila maji, tutasafisha nyuma.» Tukakaa nyuma ya atelye, tukakata mawe makavu saa moja na nusu. Unga wa kijani ulijaa nywele zetu, kope zetu, shati zetu. Mdomoni nilionja ladha ya shaba, kama mtoto aliyenyonya kipande cha pesa. Tulicheka. Tuliitana «Wakijani».

Usiku rafiki yangu, ambaye kitanda chake kiko karibu na changu, hakulala. Alikohoa mpaka asubuhi, na macho yake yalikuwa mekundu. Tukaenda kwa muuguzi. Yule Mama hakusema maneno mingi. Alichukua kitambaa cheupe, akakitia maji, akampangusa puani. Kitambaa kikatoka kijani. Akatuonyesha wote wawili, akasema: «Batoto, hii rangi bamama batavaa ku shingo. Ninyi munaivaa ku mapafu.»

Kikohozi cha rafiki yangu kilimaliza siku kumi na mbili. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini sisi tulifanya saa moja na nusu tu. Nilianza kufikiri juu ya mafundi wanaokata malakiti kila siku toka asubuhi mpaka jioni, wakifanyiza mayai, visahani vya majivu, tembo, mikufu ya wageni. Wengi wanakata wamekaa chini, kitambaa hakuna, na mtoto wa fundi anacheza pembeni katika unga uleule. Unga wa shaba unaumiza pua, koo na macho. Tena malakiti haikai peke yake: mara nyingi imeshikamana na mwamba wenye kwarzi, na unga mwembamba wa kwarzi ukiingia mapafuni miaka mingi unaleta silikozi, ugonjwa usio na dawa ya kuuponya. Mawe mengine ya huku yamechanganyika na kobalti. Na tusisahau ya kwamba Shinkolobwe iko karibu na sisi. Ndiko kulikotoka sehemu kubwa ya uranium ya bomu za mwaka 1945. Mgodi ule ulifungwa kwa amri ya serikali mwaka 2004, lakini jiwe halina karatasi ya kusafiria. Ukilinunua bila kuuliza lilitoka wapi, hujui unachokata.

Je, tuache basi? Hapana. Dawa ya unga iko, na ni ya zamani, na haina bei kubwa. Ni maji.

Nyuma ya wiki ile tulibadilisha namna. Nitaeleza wazi, ili mwenye kutaka aweze kufanya, na mwenye kutaka kutukemea ajue anakemea nini.

Tunachagua jiwe lisilo na ufa, tunaliosha. Tunalikata na msumeno wa chuma, polepole, mmoja anakata na mwenzake anamwagia maji kwa kopo lenye tundu dogo. Malakiti si ngumu sana: kucha haiwezi kuikwaruza, lakini kisu kinaweza. Kwa hiyo mkono wa mwanafunzi unatosha, mashini si lazima. Kisha tunasugua ndani ya beseni lenye maji, juu ya papye ya emeri ya maji, kwanza numero 220, kisha 400, 600, 800, mwisho 1200. Kati ya numero moja na nyingine tunaosha jiwe na mikono, sababu chembe moja tu ya papye ya kwanza inaweza kuharibu kazi yote. Tundu la uzi tunalitoboa jiwe likiwa chini ya maji. Mwisho tunapangusa na kipande cha ngozi na nta kidogo. Kitambaa cha pua tunavaa hata hivyo, na nguo za kazi tunafua mbali na nguo za kulalia.

Na kumbe, maji yana faida nyingine ambayo hatukuitazamia. Jiwe kavu limefunikwa na unga wake mwenyewe, hulioni. Jiwe lenye maji linakuonyesha duara zake wakati uleule wa kusugua, nawe unajua mahali pa kusimama. Lile tone kubwa ambalo wengi walilisifu, lenye macho mawili ya duara, lingepotea kama tungelisugua kavu. Maji yalituambia: «Simama hapa.»

Sasa nisikie wapinzani wangu, kwa maana najua watasema nini.

Kuna watakaosema: «Maji ni shida hapa. Tunabeba bidoni toka robine ya mbali, na ninyi munataka kumwaga maji juu ya mawe?» Neno hili ni la haki, nami sitalidharau. Sisi wenyewe tunabeba. Lakini hatumwagi. Beseni moja la lita 20 linatutosha kazi ya mchana wote. Jioni tunaliacha litulie. Asubuhi matope ya kijani yamekaa chini na maji ya juu ni safi ya kutosha kwa kazi, tunayateka polepole na kuyarudisha kazini. Si ya kunywa, si ya kupikia, si ya kuogea, na beseni lile halirudi jikoni hata siku moja. Lakini kwa jiwe yanatosha wiki nzima, na pungufu tunaliongeza na maji ya kufulia.

Na yale matope? Hapa nawakemea hata wenzangu wa kikundi. Siku moja nilikuta mmoja wetu akimwaga matope yale katika mfereji unaoshuka mtoni. Aliniambia: «Iko kidogo tu.» Ndugu, shaba katika maji ni sumu ya samaki, hata ikiwa kidogo. Sisi tulichonga samaki mdogo wa malakiti, wamama wakamsifu, na siku ileile tulikuwa tayari kumuua samaki wa kweli. Kama pambo linasifu maji lakini kulifanyiza kunaharibu maji, pambo lile linasema uongo. Matope yetu sasa yanakaushwa katika ndoo yenye kifuniko, na ndoo ile hatuifungui mahali penye upepo. Ikijaa, shule itafute namna ya kuyapeleka kwa wanaonunua madini, maana ni shaba ile.

Wengine watasema: «Lakini Maandiko?» Mimi si mchungaji, nami nitasema kidogo tu. Petro anawaonya watu wasiweke thamani yao yote katika mambo ya kuvaliwa nje. Nakubali kabisa. Dada anayemdharau mwenzake juu ya kukosa mkufu, yeye ndiye anayepaswa kusoma mlango ule, na kaka anayejivunia viatu vyake asome naye. Lakini katika Kutoka 28 kuhani mkuu anavaa mawe kumi na mawili kifuani kwa mistari minne, na katika Kutoka 31 tunasoma ya kwamba hekima ya Besaleli ya kukata mawe ilikuwa kipawa cha Mungu. Kwa hiyo kukata jiwe vizuri si aibu. Na ninawauliza kwa heshima wale wanaotukataza: mbona mlihangaikia shingo ya Mama aliyenunua, na kikohozi cha mtoto aliyefanyiza hamkukisikia? Kilikuwa katika nyumba ya kulala, usiku kumi na mbili.

Kwa wanaocheka wavulana sina mengi. Ushanga wa jiwe unatobolewa mmoja mmoja, ukikosa unapasuka, na kazi ya siku mbili imepotea. Anayecheka aje atoboe mmoja.

Limebaki jambo moja, na hili ndilo gumu kwangu. Nilitaka kulinyamazia, lakini nikilinyamazia, barua hii nayo itakuwa uongo.

Jiwe letu la kwanza, tulinunua wapi? Kwa mtoto mmoja aliyesimama nyuma ya lupango lwa shule na kifuko begani. Ana miaka 14. Wengi wenu mnamjua, sababu mwaka uliopita alikuwa anakaa nasi katika shule hii, kalasi ya chini. Franga ya masomo ilikosa, akaenda kuchimba pamoja na wakubwa. Alituuzia jiwe kwa bei ya mikate miwili. Tukafurahi sana, tukasema tumepata bei. Katika jiwe lile tulitoa matone matano, na tone moja tu tuliliuza siku ya wazazi kwa bei inayopita mara kumi ile tuliyomlipa. Yeye hakuwa mezani. Alikuwa shimoni.

Sheria ya machimbo ya mwaka 2002 inasema wazi: kibali cha kuchimba kwa mikono ni cha Mkongomani aliye mtu mzima. Mtoto hana ruhusa. Lakini sheria inamkataza mtoto kuuza, na sisi wanafunzi tunamfundisha kuuza, kwa kusimama pale lupangoni na franga mkononi. Nilipofikiri juu ya Shinte na makoa yake mawili, nilijiona mimi mwenyewe. Tofauti ni ya wingi tu.

Msiseme: «Mumeisha kununua, imeisha.» Haijaisha. Franga za mauzo ziko bado kwa Bwana Ekonomi. Tulitaka kununua mashini yetu wenyewe. Mimi sasa sitaki mashini.

Basi, haya ndiyo ninayoomba kwa Bwana Perefe, kwa baraza ya shule, na kwa wenzangu wa kikundi. Ni manne tu.

1. Kazi ya malakiti iendelee katika saa za kazi za mikono, kwa wavulana na wasichana. Lakini ikatwe kwa maji, siku zote. Siku isiyo na maji ni siku ya kutunga nyuzi ao kuchora umbo katika karatasi. Atakayekata kavu atolewe katika kikundi, hata kama ni mimi.

2. Matope yasitupwe katika mfereji, wala katika bustani, wala katika choo. Ndoo iwe na mwenye kuichunga, na jina lake liandikwe mlangoni pa atelye.

3. Mawe yanunuliwe kwa watu wazima wenye kibali, wanaoweza kusema jiwe lilitoka mgodi gani, na ununuzi ule ufanywe na mwalimu. Nyuzi za shaba nazo ziwe na asili inayojulikana. Mtu akituletea waya uliokatwa katika mstari wa umeme wa kartie yetu, tusiupokee. Tusivae bangili ambayo imewatia majirani gizani.

4. Franga za siku ya wazazi zilipe masomo ya yule mtoto mpaka mwisho wa mwaka huu. Nimefanya hesabu na Bwana Ekonomi: zinatosha, na zinabaki kidogo kwa papye ya emeri. Si zawadi. Ni sehemu yake ya kazi, tumeichelewesha tu.

Najua wenzangu wengine wa kikundi watakasirika juu ya ombi la nne. Wao pia walisugua mpaka vidole vikatoka malengelenge, nao pia wana franga za masomo za kutafuta. Sitasema ya kwamba hawana haki. Nasema tu ya kwamba sisi wanane tulifanya kazi tukiwa watu tisa, na wa tisa hatukumhesabu.

Na kwa wamama waliokwisha kununua: vaeni bila haya, ni kazi nzuri. Msioshe mkufu wenu na ndimu wala siki, sababu asidi inakula malakiti. Kitambaa chenye maji kidogo kinatosha, kisha mkaushe. Siku moja mtu akikuuliza, «Mama, hii jiwe nzuri umeitosha wapi?», usiseme tu, «Ku shule ya batoto.» Muulize naye: «Na yako, fundi aliikata na mayi ao kavu?» Wateja wakianza kuuliza hivi, mafundi wa mji watanunua beseni. Kwa kweli beseni moja si ghali.

Jana jioni nilipita atelye. Rafiki yangu, yule aliyekohoa, alikuwa amekaa peke yake mbele ya beseni, mikono ndani ya maji mpaka kwenye viwiko, akisugua jiwe dogo. Nilimuuliza anafanyiza nini. Akasema: «Tone, ya yule muuguzi. Sitamuuzia.» Unga haukuwako. Kulikuwa sauti ya maji tu.

Mwenye wazo lingine aandike katika numero ijayo. Nitamsoma kwa moyo mweupe.

Mwanafunzi wa kikundi cha kazi za mikono,
kalasi ya tatu ya humanite